Bonasi ya kadi ya benki, ulizeni kwanza!

Mhariri, nipe kanafasi kadogo. Juzi benki moja hapa Dodoma mjini wamenishawishi nichukue kadi ya mkopo ya wasafiri, ukijiunga unapewa pointi za tiketi ya ndege, nikasaini fasta kumbe jamaa yangu wa Area C kachukua kadi ileile akapewa mara mbili yangu kisa aliuliza tu! Marekani watu hupiga simu benki wakiona ofa imepanda baada ya wao kujiunga, wanaomba waongezewe, wengine wanakubaliwa. Nami nikarudi kaunta, pointi wamegoma ila ada ya mwaka wamefuta, sio haba. Shida ni lile sharti kwamba upate pointi lazima utumie kadi kufikia kiasi fulani ndani ya miezi 3, mi mwenyewe Dar naenda na treni ya SGR, nitalifikishaje?

Msomaji wenu, Kikuyu, Dodoma