Kitabu chako kipo mtandaoni, mbona hakipatikani?

"Kizuri chajiuza," alituambia mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja na kitabu chake cha ufugaji nyuki ofisini kwetu, tunakowasaidia waandishi kuviandaa vitabu vyao kwa ajili ya mtandao. Kitabu kilikuwa kimekaa dukani mtandaoni miezi minane na kununuliwa mara nne, mara zote na wanawe. Kazi yenyewe ni nzuri kweli. Ameeleza namna ya kutundika mzinga, namna ya kuwatunza nyuki wadogo wasiouma, hadi kuchuja asali bila kuiharibu kwa moto. Jina alilokipa: Dhahabu ya Msituni.

Tukampa simu. "Mwalimu, chukulia wewe ni kijana wa Sikonge, unataka kuanza kufuga. Andika unachotafuta." Akaandika: kufuga nyuki. Hakikutokea. Akaandika: mizinga ya nyuki. Kimya. Akaivua miwani, akaifuta, akajaribu tena.

Jina la kitabu halitaji nyuki. Maelezo yake dukani yalikuwa mistari miwili, kwamba ni hazina kwa kila Mtanzania. Humo hakuna asali, hakuna mzinga. Kwenye meza ya muuza vitabu hilo lisingekuwa tatizo: mteja anaona picha ya jalada, au muuzaji anamwambia "cha nyuki kipo, ngoja nikutolee." Dukani mtandaoni hakuna wa kukutolea. Kuna kisanduku cha kutafutia, nacho kinafuata maandishi uliyoyaweka.

Kiswahili chetu kinaongeza ugumu ambao waandishi wengi hawajaufikiria. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: mzinga, mizinga, kitunguu, vitunguu, kufuga, ufugaji, mfugaji, wafugaji. Mitambo mingi ya kutafutia inajua kukata mkia wa neno la Kiingereza, lakini haijui kuvua kichwa cha neno la Kiswahili. Kwake "kufuga" na "ufugaji" yanaweza kuwa maneno mawili yasiyojuana. Ndiyo maana tunapokuandikia maelezo ya kitabu tunahakikisha umoja na wingi vyote vimo, kitenzi na nomino vyote vimo, ndani ya sentensi za kawaida zinazosomeka. Kwa mwalimu tuliliacha jina lake alipendalo, tukaongeza jina dogo chini: Ufugaji wa nyuki na uvunaji wa asali kwa anayeanza.

Kuna jambo lingine ambalo halionekani kwa macho. Ndani ya faili la EPUB, yaani faili la kitabu cha kusomwa kwenye simu au kompyuta, kuna mahali pa kutaja lugha ya kitabu, na Kiswahili alama yake ni sw. Faili la mwalimu lilikuwa limeandikwa en, alama ya Kiingereza. Tulipoliwasha lisomwe kwa sauti, simu ikaanza kulitamka neno "nyuki" kwa ulimi wa Kiingereza, hata yeye mwenyewe hakulitambua. Kwa msomaji asiyeona, anayetegemea sauti hiyo, kitabu kizima kilikuwa kimefungwa. Hili linatuuma sana, maana kulirekebisha ni kazi ya dakika moja.

Wengi mnatuuliza kama PDF haitoshi. Kwa kutuma WhatsApp inatosha, na hatuidharau njia hiyo: watunzi wa simulizi wanaishi nayo. Wanatoa sehemu za mwanzo bure kwenye kundi, msomaji akinogewa analipa kwa simu, anatumiwa zilizobaki. Huo ni uchapishaji kamili, na msomaji mmoja humvuta mwenzake. Ila PDF ya ukurasa wa A4 kwenye simu ndogo inamlazimu mtu kuvuta herufi kwa vidole kila mstari, na ikiwa ni ya kuskani, ni picha tu, hakuna neno linaloweza kutafutwa humo. EPUB hujipanga upya kulingana na kioo. Na tuseme ukweli: faili likishatumwa WhatsApp, hakuna wa kulizuia lisisambazwe. Ushauri wetu ni kwamba sura mbili za mwanzo zisambae kwa makusudi, zikiwa na maelezo ya wapi pa kupata kitabu kizima.

Kuhusu bei, piga hesabu kabla. Amazon humpa mwandishi asilimia 70 kwa kitabu cha dola 2.99 hadi 9.99, na hata hapo si kwa mauzo ya kila nchi. Nje ya hapo ni asilimia 35. Kitabu cha shilingi 5,000 hakifiki dola 2.99. Kwa msomaji wa hapa nyumbani, malipo ya simu moja kwa moja mara nyingi yanakuachia zaidi. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, utaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu cha karatasi na EPUB kila kimoja kinahitaji namba yake.

Ukija kwetu, njoo na faili la Word, si la kuskani, pamoja na picha ya jalada. Njoo pia na maneno kumi ambayo msomaji wako angeyaandika akitafuta kitabu kama chako. Usiyatunge mwenyewe. Mwalimu aliwauliza vijana watatu wa mtaani kwake, na wawili kati yao hawakuandika "ufugaji" kabisa; waliandika "biashara ya asali."