Chapati ya dakika nane

Ndugu Mhariri,

Tumezoea kuwalaumu vijana kwamba hawana subira hata ya kumsikiliza mtu. Naomba nafasi niwatetee kidogo.

Tafuta YouTube namna ya kupika chapati. Kazi yenyewe ni fupi kueleza: kanda unga kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta, funika nusu saa, kata madonge, sukuma, paka mafuta, viringa, zungusha kama konokono, sukuma tena, choma. Dakika tatu zinatosha. Lakini utakuta video ya dakika nane na ushee, nusu yake ni kukumbushwa kubonyeza kengele na kuahidiwa siri itakayotolewa mwishoni. Mpishi simlaumu. Tangu 2012 YouTube, inapopendekeza video, hutazama zaidi muda ambao watu wameiangalia kuliko idadi ya waliobofya. Tena tangu Julai 2020 tangazo la katikati huwekwa kwenye video iliyofika dakika nane. Zamani zilitakiwa kumi. Basi chapati inavutwa mpaka itoshe kipimo.

Mtazamaji naye anajihami: anaweka kasi mara mbili. Mkono ukishazoea hauchagui tena. WhatsApp ilipoleta kasi ya 1.5 na 2 kwenye ujumbe wa sauti mwaka 2021, tukaihamishia huko huko. Mama anauliza watoto wameamkaje, anasikika kama dalali wa mnadani. Ile pumzi aliyovuta kabla ya kusema "mgongo tu siku hizi", ambayo ndiyo habari yenyewe, imekwishapita.

Kwa YouTube dawa ipo, ila wengi huishia nusu. Ingia kwenye mipangilio, sitisha historia ya ulivyotazama, halafu ifute ya zamani. Anayesitisha bila kufuta huletewa mambo yaleyale, akasema haifanyi kazi. Ukifuta, ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu (ndivyo ilivyo tangu Agosti 2023) na kisanduku cha kutafutia: andika kilichokuleta, kitazame, toka. Zima pia ile ya video inayofuata kujianzisha yenyewe. Mapendekezo ya chini ya video hayatoki kirahisi, hayo tuvumilie.

Ujumbe wa mama ni rahisi zaidi. Gusa ile namba mpaka irudi 1.

Fundi simu,
Morogoro