Maksi zangu sa hivi nazitoa mara mbili

Rehema shosti wangu,

Za Mwanza? Mama anaendeleaje na ule mguu, mwambie namuombea. Huku tupo, joto la Dar unalijua, jana umeme umekatika toka saa mbili usiku nkahamia kibarazani na simu nikawa nasoma zile hadithi ulizonitumia, zote sita, na nimeona nikuandikie barua kabisa maana kwa voisi ntasahau nusu.

Umeniuliza huwa natoaje maksi. Zamani nilikuwa natoa hapo hapo nikimaliza kusoma. Napanda mwendokasi Kimara, mpaka Kivukoni hadithi moja imeisha, na fupi ndo fupi kweli, tuzo za Hugo, zile za hadithi za kisayansi na za ajabu, hadithi fupi wanaihesabu ni ile isiyofika maneno 7,500, unaimaliza bila shida hasa ukijumlisha na ule muda wa kusubiri basi kituoni. Nikishuka naandika kwenye daftari tarehe, jina la hadithi, na maksi kati ya tano, basi. Nimefanya ivo karibu miaka miwili mpaka nilipokutana na ile ya konda.

Hiyo sijawahi kukwambia. Konda wa daladala, kila tripu ya mwisho usiku anahesabu vichwa anapata kumi na tisa, akija kuhesabu nauli anakuta za watu ishirini. Na ile nauli ya ziada ni sarafu, alafu zimelowa. Imeishia hapo, mwandishi hasemi ni nani anayelipa, hasemi alizama wapi, hakuna mganga wala shekhe wa kuja kutuelezea. Mi nkachukia. Nkaandika mbili, pembeni nkaweka "haina mwisho".

Siku nne baadae narudi toka Mbagala, usiku, nimekaa siti ya nyuma, konda kanirudishia chenji, jero moja ya sarafu, nikaishika ina unyevu. Jasho la mkono wake tu jamani, mtu kashika hela toka asubuhi kwenye joto lile. Ila Rehema nilijikuta nahesabu vichwa. Nimehesabu toka kwa dereva mpaka kwangu, nikarudia tena, na yule baba aliyekuwa dirishani kainamisha kichwa nikawa sitaki hata kumwangalia. Nimefika nyumbani, kabla sijavua viatu nimefungua daftari nikaifuta ile mbili nikaweka tano.

Toka siku hiyo naandika maksi mara mbili, siku ya kusoma na baada ya wiki, na ile ya wiki ndo ninayoihesabu. Ya siku ya kusoma inapima mambo mengi ambayo hata si ya hadithi, njaa, foleni, umegombana na nani kazini, au tu kwamba mwisho haukuwa ule uliokuwa unautaka. Na si mi peke yangu. Ile The Lottery ya Shirley Jackson, ya kijiji kinachochezesha bahati nasibu na anayeangukiwa anapigwa mawe, ilivyotoka kwenye jarida la New Yorker mwaka 1948 watu waliandika barua za hasira mpaka wengine wakaacha kulipia jarida, na wapo waliouliza hiyo bahati nasibu inafanyika wapi wakaone. Fikiria maksi ambazo wangetoa wiki ile, na mpaka leo inasomwa! Au Daniel Keyes na Flowers for Algernon, ya Charlie, mtu mwenye akili ndogo anayefanyiwa upasuaji akawa na akili nyingi alafu zikaanza kupotea, mhariri mmoja alimwambia abadilishe mwisho, Charlie abaki na akili zake, aoe, waishi raha mstarehe. Akagoma, akaipeleka kwingine ikatoka 1959, mwaka uliofuata ikachukua Hugo. Nakumbuka nilivyoisoma, Charlie anaandika mwenyewe, mwanzoni maneno kakosea kosea, katikati anaandika kama profesa, alafu mwishoni yale makosa yanaanza kurudi moja moja, hakuna mtu anayekwambia kwamba akili inapotea, unaiona kwenye herufi zenyewe. Angekubali ule mwisho wa raha mstarehe hicho kitu kisingekuwepo.

Sasa hizi zako. Kuna swali moja naziuliza zote, nikikitoa kile kitu cha ajabu, hadithi inabaki vile vile? Ile ya roboti yaya, nimeitoa roboti nikaweka dada wa kazi wa kawaida, hakuna kilichobadilika, mpaka ugomvi wa mshahara uko pale pale, so ile sayansi ni nguo tu imevalishwa. Ya joka na milima ya theluji imeandikwa vizuri ila nahisi mwandishi hajawahi kushika theluji, mikono ya yule binti haigandi hata mara moja. Ya saa inayorudi nyuma na ile ya kisima zinapita, nimezipa tatu tatu za siku ya kusoma.

Ya jini mahaba ndo imeniuma, maana kurasa mbili za mwanzo nilikuwa naogopa kweli, mlango wa choo uko wazi na yeye anakumbuka kaufunga. Alafu mwandishi akaanza kutoa semina, majini aina ngapi, wanakaa wapi, wanakula nini. Hofu ikaisha pale pale. Sisi hii hofu tunayo nyumbani tayari, haihitaji utangulizi. Mwaka 1995 kule Pemba watu walilala nje makundi makundi moto unawaka kwa kumuogopa popobawa, yule jini anayevamia watu usiku, na walichokuwa wanasimuliana ni kwamba mwenyewe anataka umtangaze, usipotangaza anarudi. Sentensi moja tu hiyo na ikavuka bahari mpaka huku kwetu.

Ya sita haina jina la mwandishi. Rehema, ni yako. Yule mama anavyofunga hela kwenye pindo la kanga kisha anakipapasa kile kifundo kila akitaja jina la mumewe, huyo ni mama yako, nimemuona kabisa. Na ile simu ya marehemu anayoichomeka kila usiku na asubuhi anaikuta chaji imeisha, na bado anainunulia bando, nimejaribu kuitoa simu, hadithi yote inaondoka nayo. Toka mzee atutoke hujawahi kuniongelea habari zake, na sikukulazimisha, ila nimesoma nikalia pale kibarazani gizani.

Kitu kimoja tu nakuomba, ile aya ya pili kutoka mwisho, ambapo mtoto anasema "ni baba ndo anaitumia", itoe. Tumeshajua. Mama naye anajua, ndo maana ananunua bando.

Maksi zako sikutajii leo, si unaona sheria yangu, ninayoihesabu ni ya wiki, subiri wiki iishe, Alhamisi ntakutumia. Ila nikwambie umeme ulirudi saa sita usiku, nikachomeka simu nikalala, na leo asubuhi kabla sijasogeza hata neti nimeangalia kwanza chaji.

Msalimie mama, mwambie ile kanga yake ya njano bado ninayo.

Wako,
Zuhura