Yaya, nilikuwa nyuma ya pazia

Yaya,

Tangu siku ya harusi sijakupigia simu, na ulipopiga mara tatu sikupokea. Nimesikia umemwambia kaka kwamba niliondoka kabla keki haijakatwa kwa sababu namwonea mwanao wivu. Basi naandika hapa, ambapo kaka atasoma, na mwanao atasoma. (Wasomaji wa Dar na Mombasa mnielewe: kwetu Lubumbashi yaya ni dada mkubwa, siyo mlezi wa watoto. Namwita hivyo tangu nianze kusema, na hata nikiwa na hasira sina jina lingine la kumwita.)

Sikuondoka kwa wivu. Niliondoka kwa sababu ya ule wimbo.

DJ alipopiga "Pump Up the Jam" nilifurahi kabla sijakumbuka chochote. Ndivyo wimbo ule ulivyo, miguu inatangulia, akili inafuata nyuma. Wazee wa upande wa bwana harusi waliinuka. Watoto waliozaliwa muda mrefu baada yake walipiga vigelegele kana kwamba umetoka wiki iliyopita. Nawe ukaingia katikati na kitenge chako cha mama wa bibi harusi, mzuri kama siku zote, ukachukua maikrofoni ukasema: "Huu niliuimba mimi, mbele ya Lubumbashi nzima, mwaka 1990!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mwanao akanigeukia, macho yanamwaka kwa furaha: "Mama mdogo, na wewe ulikuwepo?"

Nikamjibu, nilikuwepo.

Nilikuwepo wapi, yaya?

Unakumbuka tulivyomjua yule msichana wa kwenye jalada la wimbo ule, mrefu, mwembamba, anayecheza mbele ya zile rangi. Kamalondo nzima, mtaa wetu, ilisema huyo ni mtoto wetu, Mzaire, anaimba Kiingereza mpaka Marekani wanamsikia. Mimi nilimwamini kwa moyo wote. Nilikuja kujua ukweli nikiwa huku Brussels, miaka mingi baadaye, nikisoma kwenye tramu, na siku hiyo nilipitiliza kituo changu. Kumbe hakuimba. Yule ni Felly, mwanamitindo, alichezesha midomo tu. Sauti ni ya Manuela Kamosi, aliyejiita Ya Kid K, mzaliwa wa Kinshasa, naye hakuwa na zaidi ya miaka 17. Alikuwa amewahi kuishi Chicago, akaonja hausi, ule muziki wa kucheza wa vilabu, na rapu kwenye jiko lenyewe. Jo Bogaert, mtayarishaji wa hapa Ubelgiji, alikuwa na mdundo usio na maneno. Yule msichana akaujaza maneno, akayasema kwa ule ukali wa mtu asiyeomba nafasi. Wimbo ukatoka mwaka 1989 kwa jina la Technotronic. Ukafika nafasi ya pili Uingereza, na mwanzoni mwa 1990 nafasi ya pili Marekani. Muziki wa vilabu vya watu weusi wa Chicago ukaingia majumbani kwa watu ambao hawakuwahi kusikia hata neno hausi, na aliyewafungulia mlango ni binti wa Kinshasa, lakini sura waliyoiona mlangoni ilikuwa ya mwingine.

Na haikuishia kwake. Mwaka huohuo 1990 C+C Music Factory walitoa wimbo wa kucheza wenye rapu ndani yake, sauti kubwa ya kike humo ni ya Martha Wash, na kwenye video akawekwa mwanamke mwingine, mwembamba. Martha Wash alikwenda mahakamani kudai haki yake. Nampenda mama yule kuliko ninavyoweza kueleza hapa.

Sasa rudi nami kwenye ule ukumbi wa parokia, Julai 1990. Mji ulikuwa bado na hofu ya yaliyotokea chuo kikuu mwezi Mei, wanafunzi waliposhambuliwa usiku, baba hakutaka tutoke baada ya magharibi, ukamwangukia magoti mpaka akakubali. Wewe una miaka 18, mimi 15. Kichwa changu kimenyolewa kipara baada ya ile homa ya matumbo iliyotaka kuniua. Maneno yote nilikuwa nayo kichwani, kwa sababu wiki nzima ya kulala kitandani nilikuwa narudisha kaseti kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe, nikiandika kwenye daftari kila nilichosikia, kwa tahajia ya Kifaransa, bila kuelewa hata neno moja. Siku ya mazoezi mwalimu wetu alinisikiliza akashangaa. Kisha akanitazama kichwa. Akasema sauti ikae nyuma, sura ikae mbele. Wewe hukusema neno. Nakubali, siku ile hata mimi sikusema.

Nikasimama nyuma ya lile pazia jekundu lenye harufu ya vumbi na mafuta ya taa, maikrofoni ya pili mkononi. Nikaimba yote. Nilisikia ukumbi unavyotetemeka, nilisikia viti vinaanguka, nilisikia watu wanaita jina lako. Wakakubeba juu kama mchezaji wa Mazembe. Pazia lilikuwa na tundu, yaya. Wewe hukulijua, mimi nilikuwa nikikuona kupitia humo. Ukiwa juu ya mabega yao uligeuka ukalitazama pazia. Nikadhani utasema, "Mleteni mdogo wangu." Ukalitazama kiasi cha pumzi mbili. Halafu ukageuza uso.

Mimi nikabaki nakunja nyaya za sono, za vipaza sauti.

Zawadi ilikuwa redio, na redio ukampa mama, mama akaisikiliza mpaka alipokufa. Sikudai redio. Sidai kitu chochote, na anayesema nadai ananisingizia. Hiyo pumzi ya pili ndiyo imenishinda kumeza. Ya kwanza naielewa, ulikuwa msichana, umebebwa, umelewa furaha. Ya pili ulishafikiri.

Nimejiuliza sana kuhusu Felly. Sijawahi kumchukia. Alipewa kazi, akaambiwa simama hapa, cheza hivi, akafanya. Waliopanga ni wengine, kama kwetu alivyopanga mwalimu, na mwalimu ameshakufa, Mungu amrehemu. Ningeweza kumtupia yeye lawama zote nikakuacha wewe. Lakini angalia wenzetu walivyofanya. Wimbo uliofuata, "Get Up!", Ya Kid K alionekana mwenyewe kwenye video, na kofia yake na makoti yake makubwa, na mwaka 1990 huohuo Technotronic wakatangulia jukwaani kwenye ziara ya Madonna. Kosa lilirekebishwa ndani ya miezi. Wewe umekuwa na zaidi ya miaka 30. Umekuwa na ubatizo, komunyo, krismasi, matanga ya mama. Kila mara ulipoisimulia hadithi ile mimi nilikuwa mezani, nakupakulia bukari, ugali wetu.

Usidhani nimesahau mengine. Nilipokuwa na ile homa ni wewe uliyelala chini, mkeka juu ya saruji, ili usikie nikiita usiku. Betri za kaseti ulizinunua kwa fedha ulizopata kwa kusuka watu nywele, vidole vimevimba. Na nilipofika Ubelgiji na begi moja ni kwako nilikofikia, ukanipa koti lako zuri, wewe ukavaa lile lililochanika mfukoni. Ningekuwa sikupendi ningenyamaza kama nilivyonyamaza siku zote.

Kwa hiyo nakushauri, kama mdogo anavyoweza kumshauri mkubwa: mwambie mwanao. Mwambie kabla hajawasimulia watoto wake. Si jambo gumu, ni sentensi moja. Na usimwambie kwamba mimi nilikubali, kwa sababu mtoto wa miaka 15 mwenye kichwa cha kipara hakubali, anatii. Wala usimwambie kwamba niliharibu harusi yake. Sikusema neno. Nilichukua koti langu, nikamuaga bwana harusi kwa mkono, nikaacha bahasha yangu mezani, nikaenda kusubiri basi la usiku kwenye baridi. Kama kuna aliyeona machozi, aliyaona nje, sikuyaleta ndani. Ningebaki ningefanya nini? Nicheze? Nikupigie makofi na mimi? Nilifanya heshima ya mwisho niliyoweza, na nitaisema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza.

Kuna jambo moja ambalo sikutaka kuliandika. Niliporudi usiku ule nililitafuta daftari. Ninalo bado, limekuja nami kutoka Lubumbashi. Ubeti wa kwanza ni mwandiko wangu, mdogo, umeinama. Ubeti wa pili ni mwandiko wako. Nilikuwa nimesahau kabisa. Homa ilikuwa imepanda, sikuweza kushika kalamu, wewe ukakaa pembeni ya kitanda na kaseti, ukaniandikia ulivyosikia wewe. Zamani niliusoma vizuri nikauimba. Sasa nimejaribu mara nyingi, herufi naziona lakini haziungani kuwa sauti. Jumapili hii sina zamu. Njoo unisomee.