Anayetafuta nguvu za kiume apimwe presha kwanza

Ndugu Mhariri,

Kuanzia Mbagala hadi Tegeta, nguzo za umeme zimebandikwa karatasi zinazotaja mambo yale yale: nguvu za kiume, busha, mvuto wa mapenzi, kesi mahakamani, na chini yake namba ya simu. Biashara hiyo isingedumu bila wateja. Wateja wake ni wanaume wale wale ambao kila siku husemwa kwamba hawajali afya zao. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tulikanushe hilo. Mwanaume wa Dar es Salaam anajali, tena anatoa hela mfukoni. Ila huamka pale uanaume wake unapoguswa, hutafuta tiba kwa siri, na siri hiyo humfikisha kwa muuzaji ambaye hatampima chochote.

Hapo ndipo panapotuuma, kwa sababu tatizo analolificha mara nyingi ni kengele ya moyo wake.

Uume husimama kwa damu. Mishipa inayoingiza damu hulegea na kupanuka, damu hujaa, na ile ya kutoka hubanwa. Mishipa hiyo ni myembamba, ina upana wa milimita 1 hadi 2, wakati ile inayoulisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Presha, sukari, sigara na mafuta huiharibu mishipa ya mwili mzima kwa pamoja, lakini palipo pembamba huonyesha dalili mapema. Kwa hiyo mwanaume wa miaka 45 ambaye nguvu zimempungua polepole anaweza kuwa na miaka 2 hadi 5 tu kabla moyo haujaanza kumsumbua waziwazi. Ndiyo miaka anayoimaliza akihama kutoka mzizi huu kwenda ule. Kwa wenye kisukari hali ni nzito zaidi: zaidi ya nusu yao hupata tatizo hili, maana sukari hushambulia mishipa ya damu na ya fahamu pia. Wapo wanaogundulika kuwa na sukari kwa mara ya kwanza kwa sababu tu walikuja kulalamikia mambo ya chumbani.

Si kila upungufu unatokana na mishipa. Kuna swali moja linalosaidia kutenganisha, na mtu anaweza kujiuliza mwenyewe: je, alfajiri uume bado husimama wenyewe? Ikiwa ndiyo, na tatizo lilianza ghafla, au linatokea kwa mwenza mmoja tu, au lilikuja na mkopo wa kausha damu na kukosa usingizi, basi huenda chanzo kiko kwenye mawazo, na hilo nalo lina matibabu. Ikiwa alfajiri nako kumefifia na hali imeshuka taratibu kwa miezi, vipimo visisubiri.

Vipimo vyenyewe si vingi. Cha kwanza ni presha, na hiki ndicho kinachopimwa ovyo kuliko vyote mitaani. Mtu aketi atulie dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, kibofu kikiwa kitupu, na asiongee. Nusu saa kabla asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu. Kitambaa cha mashine kifungwe kwenye ngozi, si juu ya shati. Mwenye mkono mnene atafutiwe kitambaa kikubwa, kwa kuwa kidogo hupandisha namba kwa uongo. Apimwe mara 2, kwa kupishana dakika 1 au 2. Ikifika 140/90 au kuzidi, na ikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha. Kwa wanaojitolea kupima watu kwenye vijiwe vya kahawa, kazi ambayo tunaiunga mkono kwa dhati, tunaomba wapime kabla ya kikombe cha kwanza.

Cha pili ni sukari, asubuhi baada ya kukaa bila chakula muda wa saa 8: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari. Kisha mafuta kwenye damu, hali ya figo, na mzingo wa kiuno. Kwa mwanaume, kuvuka sentimita 94 ni dalili ya hatari. Kama hamu yenyewe imekufa, homoni ya kiume nayo ipimwe, na iwe asubuhi, maana mchana hushuka.

Sasa tazama kinachotokea asipopimwa. Dawa inayotumika zaidi ni sildenafili. Ni dawa halali na nzuri ikitolewa kwa cheti cha daktari. Kwa kawaida huanza na miligramu 50, kiasi cha saa moja kabla ya tendo, isizidi mara moja kwa siku, na kwa wengi haivuki miligramu 100. Chakula chenye mafuta mengi huichelewesha, ndipo mtu aliyekula kiti moto au chipsi mayai huona haifanyi kazi na kuongeza kidonge cha pili, na baadaye vyote viwili huamka pamoja. Unga na vidonge vinavyoitwa vya asili vina shida kubwa zaidi. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta sildenafili iliyochanganywa humo bila kutajwa kwenye lebo, kwa kipimo asichokijua muuzaji wala mnunuzi.

Hatari yenyewe iko hapa. Mwenye maumivu ya moyo hupewa dawa za jamii ya naitreti, kama kile kidonge kinachowekwa chini ya ulimi. Naitreti na sildenafili zikikutana, presha huporomoka kiasi cha kuua. Mtu akibanwa na kifua gesti, akakimbizwa hospitali, halafu kwa aibu akaficha alichomeza, daktari anaweza kumpa dawa sahihi ya moyo ikamwangusha. Baada ya sildenafili zinatakiwa zipite angalau saa 24 kabla ya naitreti. Kwa tadalafili, dawa nyingine ya jamii hiyo hiyo, saa 48. Aliyeongozana naye aseme, hata kama mgonjwa mwenyewe anaona haya. Na uume ukibaki umesimama zaidi ya saa 4, hiyo ni dharura: damu iliyokwama huharibu misuli yake, na anayesubiri kupambazuke ili asionekane anaweza kupoteza kabisa kile alichokuwa anakitafuta.

Aibu hiyo hiyo hufanya kazi upande wa pili, kwa mtu ambaye ameshajulikana kuwa na presha. Presha haiumi. Anapewa dawa wakati hajisikii mgonjwa, na baada ya wiki chache anahisi chumbani hayuko sawa. Kwa hesabu yake ugonjwa haukumfanya kitu, dawa ndiyo imemfanya. Anaacha, hasemi, na kwenye faili anaandikwa mtoro. Tukiri kwamba hesabu yake ina ukweli ndani yake. Atenololi, na dawa za kukojoza kama haidroklorothiazaidi, zinajulikana kupunguza nguvu kwa baadhi ya wanaume. Amlodipini na losatani kwa kawaida hazifanyi hivyo. Kubadilishiwa ni mazungumzo ya dakika chache, lakini mgonjwa hayaanzishi na mtoa huduma haulizi. Tunaona kosa kubwa ni la mtoa huduma, kwa kuwa yeye ndiye anayejua kwamba swali lipo. Wakati huo huo, anayetumia atenololi asiiache siku moja: hupunguzwa taratibu kwa wiki 1 hadi 2 kwa maelekezo ya daktari, la sivyo moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana.

Tusiutupie uanaume kila lawama, hata hivyo. Dereva wa daladala anayemeza dawa ya kukojoza saa 10 alfajiri, kisha akakaa kwenye foleni ya Mandela bila choo, ataiacha hata kama hana aibu yoyote. Aambiwe anaweza kuimeza akimaliza zamu mapema alasiri, au abadilishiwe. Kijana wa bodaboda anayetakiwa kupeleka hesabu kwa bosi jioni hawezi kukaa kwenye benchi la kliniki tangu asubuhi hadi saa 7 mchana. Akikosa hesabu leo, kesho pikipiki inapewa mwingine. Kwake kuugua ni kushindwa kulisha nyumba, na mwanaume aliyeshindwa kulisha nyumba mtaani hana jina zuri. Tunachokiita ubishi wakati mwingine ni hofu ya kuonekana mzigo.

Hofu hiyo tunaiona wazi kwenye tezi dume. Vijiweni habari yote imegeuzwa kuwa mzaha wa kidole, kile cha daktari kinachopapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, na mzaha huo umefukuza watu wengi. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo. Ikikua, mkojo huanza kwa shida, hukatika, na mtu huamka usiku mara kwa mara. Saratani yake mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, na wanaume Weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi, kwa hiyo inafaa kuzungumza na daktari kuanzia miaka 45, au mapema zaidi kama baba au kaka aliugua. Kipimo cha kuanzia ni cha damu, kinaitwa PSA. Saa 48 kabla, mtu asifanye tendo la ndoa wala kuendesha baiskeli safari ndefu. Aliyekuwa na maambukizi ya mkojo asubiri wiki 6 baada ya kupona. Namba ikizidi nanogramu 4 kwa mililita haina maana ya saratani moja kwa moja, maana uvimbe wa kawaida wa uzeeni na maambukizi huipandisha pia. Kidole huja baadaye, chini ya dakika moja, kwa sababu wapo wenye saratani ambao damu yao inaonyesha kawaida.

Anayechelewa hufika na maumivu ya mgongo yasiyoisha, au miguu inayokufa ganzi, saratani ikiwa imeingia kwenye mifupa. Hapo huwekewa mezani jambo gumu kuliko yote. Saratani hii hukua kwa kutegemea homoni ya kiume, hivyo tiba ni kuikata homoni hiyo: ama kwa upasuaji wa kutoa korodani mara moja, ama kwa sindano ya kila siku 28 au kila wiki 12. Wapo wanaoinuka na kurudi nyumbani wasionekane tena. Tunawaomba wenzetu wasiitoe habari hiyo koridoni, tena kwa haraka. Mgonjwa apewe muda wa kurudi na mkewe au ndugu. Aambiwe kwamba ipo njia ya upasuaji inayotoa kiini cha korodani na kuacha ganda lake, mfuko usibaki mtupu. Aambiwe pia kuhusu joto la ghafla mwilini, mifupa kudhoofu na hamu kupotea. Kumficha hayo ili akubali ni kumdhulumu.

Kwenye VVU kuna desturi nyingine: mke akipimwa akiwa mjamzito na kukutwa salama, mume naye anajihesabu salama. Sivyo. Wenza wengi huwa na majibu tofauti. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, mtu anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Kwa kifaa cha ute wa fizi, asile wala kunywa dakika 15 kabla, na asome jibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti bila kupitiliza. Jibu la kuwa na maambukizi lithibitishwe kituoni, na anayetumia ARV asikitumie kabisa, kinaweza kumdanganya. Busha nalo, ambalo kwetu Pwani husingiziwa madafu, mara nyingi huletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na upasuaji wake haumalizi uanaume.

Hata neno letu "kliniki" linasema kitu. Ukimwambia mtu mtaani kwamba fulani ameanza kliniki, ataelewa kuna ujauzito. Kati ya chanjo ya utotoni na kiharusi cha uzeeni, mwanaume hana siku iliyopangwa ya kukutana na mtu wa afya. Jandoni alisifiwa kwa kutolia, na hakuna aliyemwambia sifa hiyo ilikuwa ya siku ile tu.

Kwa hiyo tunaomba mambo ambayo hayahitaji majengo mapya. Vituo vya halmashauri zetu 5 vifungue kliniki ya presha na sukari jioni moja kwa wiki, na Jumamosi. Kila anayemwandikia mwanaume dawa ya presha amuulize siku ya kurudi, mlango ukiwa umefungwa, "Na chumbani hali ikoje?" Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala liwatake waganga waliosajiliwa wamwelekeze mwenye tatizo la nguvu apime presha na sukari kabla ya kupewa chochote, mganga makini hatapungukiwa na kitu. Na wenye maduka ya dawa, ambao ndio humwona mwanaume huyu kabla yetu sote, wasimuuzie bila cheti. Mashine ya kupimia presha ikae pale pale kaunta, na mteja apewe kiti atulie dakika 5 kabla ya kufungwa kitambaa.

Ni sisi,
Baadhi ya wauguzi na matabibu wa kliniki za presha na kisukari,
Dar es Salaam