Mwanangu, andika na yale ambayo hutayafanya

Mwanangu mpendwa,

Nimepata habari kwamba umekabidhiwa mradi wa mfumo wa kompyuta wa maktaba, na nimefurahi kupita kiasi. Hongera sana. Umenieleza kuwa mteja ni muungwana, timu yako ina ari, na kazi inaanza Jumatatu. Hilo la Jumatatu ndilo lililonikalisha chini niandike, maana katika maelezo yako yote sikuona popote panaposema mradi huu unaishia wapi.

Umesema lengo ni "kuboresha huduma za maktaba". Lengo la namna hiyo halina kikomo. Unaweza kuboresha leo na kesho na mwakani, na mteja bado akawa na haki ya kusema hujamaliza. Mei 1961 Rais Kennedy aliliambia Bunge la Marekani kwamba taifa lijifunge kumpeleka mtu mwezini na kumrudisha duniani salama kabla muongo ule haujaisha. Julai 1969, wanaanga walipotua mwezini na kurudi salama, hapakuwa na haja ya kikao cha kuamua kama lengo limetimia. Nawe andika hivyo: msomaji aweze kutafuta na kuazima kitabu kwa simu yake, mkutubi aone kitabu kipi kiko kwa nani, katika matawi mawili, kabla ya mwisho wa Septemba. Kila kipande cha sentensi hiyo kinaweza kukaguliwa.

Ukimaliza, andika yale yasiyomo. Hapa wengi huona haya, wakidhani mteja atawaona wachoyo. Mimi nauthamini ukurasa huu kuliko kurasa nyingine zote za hati ya mradi. Sema waziwazi: kuingiza kumbukumbu za zamani zilizo kwenye makaratasi hakumo. Kulipa faini kwa simu hakumo. Mafunzo kwa wafanyakazi watakaoajiriwa baada ya makabidhiano hayamo. Mteja akisoma, atafika mahali aseme, "Mbona hili tulidhani limo?" Mshukuru, kisha lijadilini hapo hapo, kabla fedha hazijatumika na kabla yeyote hajaudhika.

Usikubali kusukumwa uanze kabla ya hapo. Jumba la Opera la Sydney, Australia, ambalo leo kila mtu analijua kwa picha, lilianza kujengwa Machi 1959, serikali ikiwa na haraka, wakati Jørn Utzon aliyelibuni alikuwa bado hajajua paa lake litasimamaje. Paa lilipokuja kuchorwa kikamilifu, ilionekana nguzo zilizokwisha kujengwa haziwezi kulibeba, zikabidi zivunjwe zijengwe upya. Na mabadiliko hayakukoma. Idadi ya kumbi iliongezwa. Ukumbi mkubwa, uliokusudiwa kwa opera, yaani michezo ya jukwaani inayoimbwa, na muziki wa okestra pamoja, ukageuzwa kuwa wa maonyesho ya muziki peke yake bila opera, na mitambo ya jukwaa iliyokuwa imeshafungwa ikang'olewa. Jengo lililokadiriwa dola milioni 7 za Australia na kutarajiwa kukamilika 1963 lilifunguliwa Oktoba 1973 kwa dola milioni 102. Utzon mwenyewe alikuwa amejiuzulu tangu 1966. Watu husema mwisho wake ulikuwa mzuri, na jengo ni zuri kweli. Lakini wewe huna serikali nyuma yako ya kukungoja miaka kumi ya nyongeza.

Kwako mabadiliko hayatakuja na kishindo. Katikati ya kikao mtu mpole atasema, "Tuongezee kitufe kidogo tu cha kuchapisha ripoti." Simama hapo uulize. Ripoti ya nini, ya mwezi au ya mwaka, ya tawi moja au yote? Nani anaruhusiwa kuifungua, ikiwa ina majina ya wasomaji na vitabu walivyosoma? Takwimu zitoke wapi kama tawi la pili halikuwa likiandika tarehe ya kurudisha? Nani ataijaribu, na mwongozo wa mtumiaji utaandikwa upya na nani? Kitufe chenyewe kitatengenezwa asubuhi moja. Yaliyo nyuma ya kitufe yanaweza kula wiki mbili, na wiki hizo hazimo kwenye ratiba yako.

Jibu lako lisiwe "hapana", wala lisiwe "sawa, hakuna shida". Mwambie, "Inawezekana. Nipe siku mbili nikuletee hesabu yake." Kisha mletee karatasi moja: siku zitakazoongezeka, fedha zitakazoongezeka, na kazi gani itasogezwa nyuma ikiwa tarehe haibadiliki. Mwenye mamlaka upande wa mteja atie saini, au akatae. Vyovyote atakavyoamua, liandike kwenye daftari la maombi ya mabadiliko, hata lililokataliwa, kwa sababu litarudi. Mengi ya hayo yatafaa sana awamu ya pili.

Kuna timu zinazofanya kazi kwa vipindi vifupi vya wiki mbili mbili, zisizofunga orodha ya mahitaji tangu mwanzo. Ni utaratibu mzuri na huenda ukakufaa. Hata huko, muda na watu vikiwa vilevile, kinachoingia lazima kitoe kingine.

Tazama na ndani ya timu yako. Mwandishi hodari wa programu akipenda kazi yake huongeza mapambo ambayo hakuna aliyeyaomba, kwa nia njema kabisa. Mapambo hayo nayo yanahitaji kujaribiwa na kutunzwa. Msifu kwa ubunifu, kisha ombi lake lipite mlango ule ule wa mteja.

Jambo moja hukunitajia: nani hasa upande wa mteja mwenye kutia saini? Umenitajia watu watatu, na kila mmoja umemwita bosi. Lijue hilo kabla ya Jumatatu, na jina lake liwe kwenye hati. Kisha nitumie rasimu ya ule ukurasa wa yasiyomo kabla hujampelekea mteja. Nitausoma usiku huohuo na kukurudishia ukiwa na maswali yangu pembeni.

Mama yako