Maji yakijaa Mida, waacheni ndege wapumzike

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu ndege wa ufuoni, hawa vitwitwi na sululu na wenzao ambao tunao hapa Mida Creek, Watamu, kuanzia mwezi wa nane mpaka kama mwezi wa nne hivi, manake kuna jambo linafanyika maji yakijaa na linaniuma sana na sioni mtu akilisema.

Maji yakitoka hakuna shida kubwa. Hori, yaani hiyo creek yenyewe, ni pana, matope yako wazi kila upande, mama akipita na ndoo yake kutafuta kombe ama kijana akiwa anachimba chambo, ndege wanasogea kidogo alafu wanaendelea kula, wamezoeana miaka na miaka. Shida ni yale masaa maji yamejaa. Bahari yetu inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji yanapanda na kushuka kuliko kawaida, tofauti ya maji inafika karibu mita 4, kwa hivyo matope yote yanafunikwa na ndege wote waliokuwa wametawanyika wanabanana kwenye mafungu machache ya mchanga na juu ya mikoko. Utawaona wamesimama kwa mguu mmoja, mdomo wameuficha mgongoni. Sasa hapo ndipo boti inakuja moja kwa moja na injini yake, watu wapate picha ya kundi zima likiruka, wakitua inawafuata tena, mwingine anarusha droni juu yao, mwingine ameachilia mbwa afukuze. Na wanaofanya hivi wengi si watu wabaya, wanaona tu ndege wamesimama hawana kazi.

Wana kazi. Ndege akiwa pale anasaga chakula alichokula na kukigeuza mafuta, na hayo mafuta ndiyo yatamfikisha anakokwenda. Kuna kitwitwi mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, uzito wake ni kama gramu 60, mtoto mdogo anaweza kumshika kwa kiganja kimoja, na anazaa Siberia kule kaskazini kabisa mwa Urusi. Kutoka huko mpaka Mida ni zaidi ya kilomita 8,000 na anazipiga mara mbili kila mwaka. Mwezi wa tatu na wa nne utamwona anaanza kubadilika kutoka kijivu kwenda rangi ya matofali, hapo ujue anajiandaa kuondoka na anakula kama hana kesho. Kila akirushwa bure anachoma yale mafuta aliyoyakusanya, na hawezi kuyarudisha mara moja kwa sababu chakula chake kiko chini ya maji, lazima asubiri mpaka yatoke tena. Mwaka 2024 huyu ndege alipandishwa kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, akawekwa ngazi ya "Vulnerable", yaani aliye hatarini, kwa hivyo sisemi maneno ya kutishia watu.

Ukitaka kujua hawa ndege ni watu wa kazi, nenda pale maji yakianza tu kutoka ukae kimya. Hawali kitu kimoja wala hawali kwa njia moja, ndiyo maana wanaweza kukaa wengi mahali pamoja bila kugombana sana. Wale wenye mdomo mfupi na macho makubwa wanatafuta kwa kuona, anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anadonoa, anakimbia tena, na kwa hayo macho anaweza kula ata usiku. Wale wenye mdomo mrefu wanaudidimiza kwenye matope juu chini juu chini kama sindano ya cherehani, na ncha ya mdomo wao ina hisia kali kiasi kwamba wanamjua mnyoo aliyejificha bila kumwona. Sululu yeye mdomo wake umepinda na unaingia sawasawa kwenye shimo la kaa, anamvuta yule kaa mwenye gando moja kubwa, anamsuuza kwenye kidimbwi kutoa matope, anamng'oa gando, anameza. Nimeangalia hivyo mara nyingi na bado sichoki.

Alafu kuna yule ndege mla kaa, mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, ambaye watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona hapa kwetu. Huyu haendi Siberia. Anazaa kwenye visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Imarati, Iran, Saudia, Eritrea na Somalia, na tofauti na ndege wengine wote wa ufuoni yeye anachimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, mara chache mawili. Jua la huko ni kali, mle ndani yai linakaa kwenye joto linalolifaa. Wasomaji wako walioko Oman na Dubai huenda wanawaona kabla hawajashuka kwetu. Kaa mdogo anammeza mzima, mkubwa anamdonoa mpaka anavunjika vipande. Na kinachonigusa zaidi ni kwamba mtoto wake anakuja naye mpaka huku na anaendelea kumwomba chakula miezi kadhaa baada ya kufika, utamsikia analia nyuma ya mzazi kwenye matope. Sasa kundi kama hilo likitawanywa na boti wakati wa maji makuu, mtoto ambaye hajajua kujitafutia anateseka kuliko wote.

Mimi sipingi utalii hata kidogo, vijana wetu wanakula kwa kutembeza wageni na ile njia ya mbao kwenye mikoko imeleta faida. Ninachoomba ni kitu cha kufanyika. Bahari ya Watamu imehifadhiwa tangu 1968 na hori la Mida limo ndani ya hifadhi, kwa hivyo KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), kaunti ya Kilifi na vikundi vya Mida na Dabaso wakae pamoja waweke maboya kuzunguka yale mafungu wanayolala ndege, boti na kayaki zisipite ndani yake masaa mawili kabla na masaa mawili baada ya maji kujaa, na droni zipigwe marufuku hapo kabisa. Nahodha yeyote wa hapa anajua saa za maji kuliko anavyojua saa ya mkononi, hatuhitaji mtaalamu wa kutufundisha. Na wenye hoteli wawaambie wageni wao ukweli, kwamba picha nzuri inapatikana maji yakiwa nusu yanapanda, ndege wanasukumwa taratibu na maji mpaka karibu na wewe uliyetulia na darubini yako, bila kuwakimbiza.

Kama kazi hii itaanza, basi ianze kabla ya mwezi wa pili, manake ikifika Aprili wale wa Siberia wanaondoka.

Msomaji wako,
Mida, Kilifi